Fahamu ugonjwa wa TTP: Kwa nini mgonjwa hubadilishiwa plazma?

Unaona vidoa vyekundu miguuni, fizi zinatoka damu, na ghafla mtu anaanza kuongea vitu visivyoeleweka. Wengi watafikiria malaria au uchovu. Lakini kwa watu wachache, hizi ni dalili za TTP, ugonjwa adimu wa kuganda kwa damu unaoweza kuua ndani ya siku chache.

TTP ni nini?

Damu yetu ina kimeng'enya kiitwacho ADAMTS13. Kazi yake ni kukatakata protini ndefu inayonata, ambayo husaidia chembe sahani kuziba jeraha. Kwa wagonjwa wengi wa TTP, kinga ya mwili inakishambulia kimeng'enya hicho. Protini inabaki ndefu, chembe sahani zinagandamana, na vibonge vidogo vinaziba mishipa ya ubongo, moyo na figo.

Ndiyo maana mgonjwa anaganda damu ndani, huku akivuja damu nje. Chembe sahani zimeshatumika zote! Kawaida mtu huwa na zaidi ya 150,000 katika tone dogo la maikrolita moja. Mgonjwa wa TTP mara nyingi hushuka chini ya 30,000.

Dalili

- Vidoa au michubuko bila kuumia
- Uchovu, ngozi kupauka au macho kuwa ya njano
- Kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa, degedege au kiharusi
- Homa

Plazma inabadilishwaje?

Plazma ni yale maji ya njano ya damu. Mgonjwa huwekewa mrija kwenye mshipa mkubwa, damu inapita kwenye mashine, plazma yake inatolewa na anawekewa ya wachangia damu. Chembe zake anarudishiwa mwenyewe.

Faida ni mbili kwa pamoja: kingamwili mbaya zinatoka, kimeng'enya kizima kinaingia. Hufanyika kila siku kwa saa kadhaa, hadi chembe sahani zipande na kutulia.

Inasaidia kweli?

Daktari Eli Moschcowitz aliueleza ugonjwa huu New York mwaka 1924. Kabla ya tiba hii, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 walikufa. Mwaka 1991, utafiti wa Canada kwa wagonjwa 102 ulionyesha kuwa baada ya miezi 6, asilimia 78 ya waliobadilishiwa plazma walikuwa hai, dhidi ya asilimia 63 ya walioongezewa plazma tu.

Siku hizi huongezwa dawa za kutuliza kinga, na nyingine iitwayo caplacizumab.

Zingatia

Kumwongezea mgonjwa chembe sahani kwa kawaida huepukwa, maana kunaweza kuongeza mabonge. Pia ugonjwa unaweza kurudi, hivyo aliyepona aendelee kupimwa.

Ukiona vidoa pamoja na kuchanganyikiwa, usisubiri kesho. Nenda hospitali, omba kipimo cha damu kamili.