Hija ya Kedarnath: Maandalizi ya Wahindu wa Kericho na Bomet kabla ya kupanda Himalaya

Muumini wa Kihindu anayeishi Kericho au Bomet ana mambo mawili yanayomfaa anapojiandaa kuhiji katika hekalu la Kedarnath, kaskazini mwa India. Amezoea vilima na mvua, na mwili wake umezoea hewa ya mahali palipoinuka kuliko Mombasa au Kisumu.

Hata hivyo, mambo hayo mawili hayatoshi, na huenda yakampa mtu ujasiri usio na msingi. Hatari kubwa ya safari hiyo haitokani na urefu wa njia, bali na kasi ambayo mtu hupanda kutoka hewa aliyoizoea hadi hewa nyepesi ya milimani.

Hekalu la Kedarnath liko mita 3,583 juu ya usawa wa bahari, katika wilaya ya Rudraprayag, jimbo la Uttarakhand. Ni mojawapo ya mahekalu 12 yaitwayo Jyotirlinga, yanayoheshimiwa sana na waja wa mungu Shiva. Pamoja na Badrinath, Gangotri na Yamunotri, hukamilisha hija ya vituo vinne ijulikanayo kama Char Dham ya Himalaya.

Jamii ya Wakenya wenye asili ya India ilikua baada ya ujenzi wa reli kati ya mwaka 1896 na 1901, na wafanyabiashara wakasambaa hadi miji midogo ya bara, ikiwemo ya eneo la majani chai. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili hiyo kuwa kabila la 44 nchini. Uhusiano wao na mahali patakatifu pa mababu haujakatika, na kuhiji ni ibada ambayo wengi hutamani kuitimiza angaa mara moja maishani.

Kericho hadi Kedarnath

Msafiri kutoka Kenya aghalabu hutua Delhi, kisha husafiri kwa barabara kupitia Haridwar na Rishikesh. Kutoka Rishikesh hadi Gaurikund, ambako barabara ya magari hukoma, ni zaidi ya kilomita 200 za njia nyembamba inayopinda kando ya mabonde.

Gaurikund iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yaani kimo kinachokaribiana na cha mji wa Kericho. Kutoka hapo mahujaji hutembea takriban kilomita 16 hadi hekaluni. Kwa mkazi wa Kericho, ni sawa na kuondoka mjini kwake asubuhi na kulala mahali palipopita kilele cha Mlima Longonot kwa mita 800.

Katika kimo cha Kericho, mtu hupata takriban asilimia 80 ya hewa ya oksijeni ambayo angeipata Mombasa. Kedarnath hupata karibu theluthi mbili tu. Upungufu huo ndio huleta ugonjwa wa milimani, ambao hauchagui kijana wala mzee, mwanariadha wala asiyefanya mazoezi.

Madaktari hupendekeza kwamba mtu akishapita mita 3,000, asiongeze kimo cha mahali anapolala kwa zaidi ya mita 500 kila usiku. Kwa hiyo inafaa hujaji alale usiku mmoja au zaidi Gaurikund au Sonprayag, kisha augawe mwendo wa kupanda kwa kulala katika kambi za njiani kama vile Lincholi, badala ya kufika hekaluni kwa siku moja.

Jambo lingine huwapata hasa Wakenya. Familia nyingi huunganisha hija na kuwatembelea jamaa katika jimbo la Gujarat, ambako miji mingi iko chini ya mita 100. Mazoea ya mwili kwa hewa ya Kericho huanza kupungua baada ya siku chache katika nchi tambarare, na baada ya wiki mbili hivi huwa yamepungua sana. Ni heri kuhiji kwanza na kuwatembelea jamaa baadaye. Aliyekwisha kukaa tambarare kwa muda mrefu ajihesabu kama mtu wa pwani, na apande polepole.

Mazoezi nyumbani

Maandalizi ya mwili yaanze miezi mitatu kabla ya safari. Njia za mashamba ya majani chai zinafaa kwa kutembea saa moja hadi mbili, mara nne kwa wiki, huku mtu akiongeza mwendo na mzigo kidogo kidogo. Mkazi wa Bomet anaweza kupanda kilima cha Motigo, karibu na hospitali ya Tenwek.

Kushuka ni muhimu kama kupanda, kwa kuwa magoti na vidole vya miguu huumia zaidi wakati wa kurudi. Viatu vitakavyovaliwa safarini vivaliwe katika mazoezi hayo, wala visinunuliwe siku ya kuondoka.

Anayetaka kujua jinsi mwili wake unavyopokea hewa nyepesi anaweza kwenda Mlima Kenya. Kituo cha Met Station, kwenye njia ya Naro Moru, kiko karibu mita 3,050, na kambi ya Old Moses kwenye njia ya Sirimon iko karibu mita 3,300. Kulala huko usiku mmoja kutamwonyesha mtu dalili za kuangalia, ingawa hakumhakikishii kwamba hataugua Himalaya.

Daktari, chanjo na hati

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kununua tikiti. Wapo wanaopewa dawa ya asetazolamaidi ili kuzuia ugonjwa wa milimani, lakini dawa hiyo itumiwe kwa maagizo ya daktari pekee.

India humtaka kila msafiri anayetoka Kenya awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote chini ya kanuni za Shirika la Afya Duniani. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Aliyetimiza miaka 60 na hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza, kwa sababu madhara ya chanjo hiyo huwa mengi zaidi katika umri huo.

Mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji viza, na anaweza kuiomba kwa njia ya mtandao. Aidha, kila hujaji wa Char Dham hutakiwa kujiandikisha na serikali ya Uttarakhand kabla ya kuanza kupanda.

Msimu na hali ya hewa

Hekalu hufunguliwa mwezi wa Aprili au Mei na kufungwa baada ya sikukuu ya Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba. Tarehe hubadilika kila mwaka kwa kufuata kalenda ya Kihindu.

Nyakati zinazofaa zaidi ni Mei hadi katikati ya Juni, na baadaye kuanzia mwishoni mwa Septemba. Kati ya hapo kuna mvua kubwa za msimu, ambazo si kama mvua ya alasiri ya Kericho: huangusha miamba na kukata njia.

Tarehe 16 na 17 Juni 2013, mvua kubwa na kupasuka kwa ziwa la Chorabari juu ya hekalu kulisababisha mafuriko yaliyoangamiza maelfu ya watu. Makazi ya Rambara, ambako mahujaji walikuwa wakipumzika, yalisombwa na njia ikabidi ijengwe upya. Mwishoni mwa Julai 2024 mvua iliharibu njia tena, na maelfu ya mahujaji wakaokolewa. Tangazo la kusitisha safari kwa sababu ya mvua lapasa kutiiwa bila ubishi.

Mzigo uwe mwepesi: koti la mvua, sweta mbili za sufu, kofia, glavu, soksi za akiba, tochi, chupa ya maji na dawa za kila siku. Anayefunga kwa ajili ya ibada asiache kunywa maji, na mgonjwa wa kisukari asifunge bila ushauri wa daktari.

Wazee na wasiojiweza

Wasioweza kutembea hupanda nyumbu au hubebwa kwa machela. Zipo pia helikopta kutoka vituo kama Phata, lakini nazo zina hatari zake. Ajali za Oktoba 2022 na Juni 2025 ziliua watu saba kila moja. Isitoshe, helikopta humpandisha mtu zaidi ya mita 1,500 kwa dakika chache, kwa hiyo abiria hapaswi kukaa juu kwa muda mrefu.

Kichwa kikiuma, kichefuchefu au kizunguzungu kikianza, mtu asimame na asiendelee kupanda mpaka dalili ziishe. Akianza kuchanganyikiwa, kupepesuka au kuhema akiwa amekaa, lazima ateremshwe mara moja, hata ikiwa ni usiku na hekalu limeonekana. Familia ikubaliane kabla ya kuondoka nyumbani ni nani atakayeshuka na mgonjwa, ili asiachwe peke yake.

Kwa mzee ambaye daktari amemkataza kupanda, ipo njia nyingine. Hekalu likifungwa kwa majira ya baridi, sanamu ya ibada huteremshwa hadi hekalu la Omkareshwar mjini Ukhimath, mahali panapofikiwa kwa gari na palipo chini kuliko Kericho. Ibada ya Kedarnath huendelea hapo hadi majira ya joto.