Kiraka cha Flixborough

  Ninyi mnaosikiliza kwa vikundi, kiongozi wenu na aandike maneno matatu ubaoni: ufa, chaki, kiraka. Maneno hayo yatatusaidia kuikumbuka habari ya leo.

Wazee wetu walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Nao walisema kweli. Lakini leo nitawapeni habari ya kiwanda kimoja cha Uingereza ambapo ufa ulionekana mapema, ukashughulikiwa upesi, na baada ya miezi miwili watu 28 wakafa. Ufa haukumwua mtu hata mmoja. Kilichoua ni kiraka.

Flixborough ni kijiji kidogo karibu na mto Trent, si mbali na mji wa Scunthorpe. Hapo palikuwa na kiwanda cha kampuni ya Nypro, kilichotengeneza kaprolaktamu, yaani kitu kinachofanyizwa nailoni. Nailoni mwaijua: kamba, nyavu, soksi na nguo. Kuipata kaprolaktamu hiyo, kiwanda kilitumia mafuta mepesi yaitwayo saikloheksani, ambayo huwaka upesi kama petroli.

Sasa sikilizeni kwa makini jinsi mtambo ulivyokuwa. Kulikuwa na mitungi mikubwa sita ya chuma, imesimama safu moja, kila mmoja chini kidogo kuliko mwenzake, kama ngazi. Mafuta yalishuka kutoka mtungi wa kwanza mpaka wa sita, na hewa ikapulizwa ndani yake. Kila mtungi ulikuwa na tani zipatazo 20 za mafuta. Joto lake lilikuwa digrii 155 za sentigredi. Mafuta hayo huchemka kwenye digrii 81, kwa hiyo yangepaswa kuwa mvuke mtupu. Yalibaki maji maji kwa sababu yalifungiwa kwa nguvu ndani ya chuma. Mwajua soda iliyotikiswa inavyoruka ukifungua kizibo. Basi fikirini chupa ya tani nyingi, ya moto, na ya kitu kinachowaka.

Tarehe 27 Machi, 1974, mafundi waliona mafuta yakivuja kwenye mtungi wa tano. Walipoukagua waliona ufa wenye urefu wa karibu mita 2. Na huo ufa ulitoka wapi? Hapo awali kulikuwa na uvujaji mdogo juu ya mtungi huo, na watu wakawa wanaumwagia maji kupunguza hatari. Maji hayo yalikuwa na chumvi za naitreti, ambazo polepole zilikula chuma. Twaona, basi, kwamba hata ufa wenyewe ulizaliwa na dawa ya haraka iliyotumiwa bila kuulizwa, "Je, dawa hii itafanya nini kingine?"

Mtambo ulisimamishwa, na mtungi wa tano ukaondolewa. Mpaka hapo hapana wa kulaumiwa. Lakini kiwanda kikisimama hakuna faida, na kila mtu alitaka kazi iendelee. Wakaamua kuunganisha mtungi wa nne na wa sita kwa bomba. Matundu ya mitungi yalikuwa na upana wa inchi 28, lakini bomba lililopatikana lilikuwa la inchi 20. Na kwa kuwa mtungi wa sita ulikuwa chini kuliko wa nne, bomba lilibidi likatwe na kuungwa lenye vipindo viwili. Kila mwisho wake palikuwa na kiungo chenye mikunjo, mfano wa mvukuto wa mhunzi, ili chuma kiweze kutanuka kwa joto.

Na mchoro wa bomba hilo? Ulichorwa kwa chaki sakafuni mwa karakana. Hakuna mchoro mwingine uliofanywa. Walipiga hesabu kujua kama bomba litapitisha mafuta ya kutosha, na kama bomba lililonyooka lingestahimili nguvu ya ndani. Lakini hili halikunyooka. Nguvu ya mafuta ilisukuma kila upande, na vile vipindo vikaigeuza nguvu hiyo kuwa ya kupinda na kukunja. Jambo hilo halikupigiwa hesabu, wala mwongozo wa watengenezaji wa vile viungo haukutazamwa. Bomba likawekwa juu ya vyuma vya jukwaa la mafundi, bila kufungwa imara.

Wasikilizaji, msidhani kwamba watu hao walikuwa wavivu au wajinga. Walifanya kazi mchana na usiku. Ila mwinjinia mkuu wa mitambo alikuwa ameacha kazi mapema mwaka huo, na nafasi yake ilikuwa bado wazi. Hapakuwa na mtu mwenye elimu ya kutosha ya kazi ile ambaye angeuliza swali lililotakiwa. Asiyejua swali hawezi kujua kwamba amekosa jibu.

Tarehe 1 Aprili mtambo ukawashwa tena. Ukaenda vizuri Aprili yote na karibu Mei yote. Na hilo ndilo jambo la kutisha katika habari hii. Kiraka kikikaa siku sitini bila kuleta neno, watu huanza kukiona kuwa sehemu ya nguo.

Jumamosi, tarehe 1 Juni, 1974, mtambo ulikuwa unawashwa baada ya kusimamishwa kidogo. Ilipofika saa 11 kasoro dakika 7 jioni, bomba lile likapasuka. Mafuta yakafumka kuwa wingu kubwa la mvuke, wingu likapata moto, na mlipuko ukavunja kiwanda kizima. Watu 28 walikufa. Kati yao 18 walikuwa katika chumba cha kuongozea mitambo, na katika chumba hicho hakupona hata mmoja. Katika vijiji vya jirani nyumba 1,821 na maduka 167 yaliharibika. Kama ingalikuwa siku ya kazi, ofisi zikiwa zimejaa, mamia wangalikufa.

Serikali ya Uingereza iliunda tume, na ripoti yake ikatoka mwaka 1975. Tume iliona kwamba mtambo wa kwanza ulibuniwa vyema. Ni badiliko lililoletwa baadaye ambalo halikupimwa kama mtambo ulivyopimwa. Ndipo desturi mpya ilipoanza kuenea viwandani: kila badiliko, hata dogo, hata la muda, liandikwe kabla ya kufanywa. Lichorwe kwenye karatasi, lipigiwe hesabu na mwenye ujuzi, liwekewe sahihi, na kama ni la muda, itajwe siku ya kuliondoa.

Mwingereza mmoja, Bwana Trevor Kletz, aliyekuwa mshauri wa usalama katika kampuni ya ICI, aliuliza jambo la ndani zaidi. Kwa nini kiwanda kilikuwa na mafuta mengi kiasi kile? Ni kwa sababu katika kila mzunguko sehemu ndogo tu, kama 6 katika 100, ndiyo iliyogeuka. Iliyobaki ilizungushwa tena na tena. Mwaka 1977 Bwana Kletz aliwaambia wenzake kwamba kitu usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Afadhali kubuni mtambo unaohitaji sumu kidogo kuliko kuweka sumu nyingi na kuizungushia walinzi.

Ole wetu, si wote waliosikia. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba, 1984, katika mji wa Bhopal, India, maji yaliingia katika tangi la sumu iliyotumiwa kutengeneza dawa ya wadudu. Tangi hilo lilikuwa na tani zipatazo 40. Mtambo wa kulipoza ulikuwa umezimwa tangu Juni, na bomba la kwenda kwenye mnara wa kuchomea gesi lilikuwa limetenguliwa. Gesi ikashukia vibanda vya maskini waliokuwa wamelala. Walikufa maelfu. Sumu hiyo ilikuwa akiba tu, ikingoja kutumiwa.

Mwaka 1993 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba nambari 174 wa kuzuia ajali kubwa za viwandani. Hapa kwetu, Tanzania ilitunga sheria ya usalama na afya mahali pa kazi mwaka 2003, na Kenya mwaka 2007. Lakini sheria hukaa kabatini. Kiraka hufungwa karakanani. Mitambo ya barafu ina amonia, mitambo ya maji ina klorini, maghala yana petroli. Siku moja kitu kitaharibika, sehemu yake haitapatikana, na mkubwa atasema, "Tufunge hivi hivi kwa leo." Siku hiyo fundi mmoja akiuliza, "Mchoro uko wapi, na nani amepiga hesabu?" asionekane mkaidi. Huenda ameokoa watu wengi ambao hawatajua kamwe kwamba waliokolewa.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:
1. Kwa nini kufanya kazi vizuri kwa miezi miwili hakukuthibitisha kwamba bomba lilikuwa salama?
2. Tajeni badiliko moja la muda mahali penu pa kazi. Nani aliliruhusu, nalo litaondolewa lini?
3. Ni vitu gani vya hatari mnavyoviweka kwa wingi kuliko haja?