Gitaa la Katanga na Mwanafunzi Anayeanza

Katika toleo hili tumeona vyema tuziache kidogo ngeli na minyambuliko ya vitenzi, tuzungumzie gitaa. Msomaji asishangae. Historia ya gitaa katika eneo letu ni sehemu ya historia ya Kiswahili, na ina funzo kwa kila anayefundisha wanaoanza, awe anafundisha nyuzi au maneno.

Tulianza kulitafakari jambo hili Mudende, wilayani Rubavu, si mbali na mpaka wa Kongo. Wasomaji wengi wanaijua Mudende kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati, kilichofunguliwa huko mwaka 1984 na ambacho baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 kilihamia Kigali. Lakini Kiswahili hakikungoja chuo. Kilivuka mpaka kwa miguu ya wafanyabiashara, vibarua na wakimbizi, na mara nyingi kilivuka kikiwa kimebebwa na wimbo.

Tuanzie Katanga. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Migodi ilihitaji mikono mingi. Katika miaka ya 1920 kampuni iliajiri pia vibarua kutoka Rwanda na Burundi. Watu wa makabila mengi wakajikuta katika kambi moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi, ya soko na ya jioni baada ya kazi. Ndipo gitaa nalo likapata nafasi. Ni ala ya mtu mmoja: inabebeka, haihitaji kundi zima la wapigaji, na inamruhusu mpigaji kuimba. Aliyekosa fedha za kununua alitengeneza la kwake kwa debe, ubao na waya.

Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja katika mji wa Jadotville, sasa Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishika nyuzi nene na cha shahada nyuzi nyembamba, hata msikilizaji akadhani kuna wapigaji wawili. Wimbo wake "Masanga" ulienea Afrika Mashariki na Kusini kupitia santuri. Yeye na ndugu yake Edouard Masengo walifika Nairobi, na vijana wa Kenya wakakaa wakivitazama vidole vyao. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari.

Je, watu walijifunzaje mtindo huu? Hapakuwa na kitabu. Mwanafunzi alikaa mbele ya mpigaji, akatazama, akarudi nyumbani na kujaribu. Alianza na wimbo mmoja mzima, mwepesi, wenye mikao mitatu tu ya vidole vya mkono wa kushoto. Sauti ikiwa chini mno kwa koo lake, alifunga kalamu ya risasi kwa uzi kwenye shingo ya gitaa, akaendelea na mikao ile ile. Asiyejua kitu kabisa alipewa chupa na msumari akwaruze mapigo. Kwa hiyo siku ya kwanza tayari alikuwa ndani ya muziki. Wahenga walisema, ukitaka kujua uhondo wa ngoma ingia ucheze.

Wataalamu walikuja baadaye. David Rycroft aliuchambua upigaji wa Mwenda kwa nota katika makala za mwaka 1961 na 1962. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa. Hata hivyo Mwingereza John Low, aliyetaka kuupiga muziki wenyewe, alisafiri hadi Lubumbashi mwaka 1979 akajifunze kwa Mwenda. Nota huhifadhi kilichopigwa. Mkono hujifunza kwa mkono.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa la wanaoanza, mwanafunzi mmoja alileta gitaa akaimba wimbo aliofundishwa na babu yake, aliyewahi kufanya kazi Kongo. Aliimba "batoto" badala ya "watoto", na "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu". Kabla hajamaliza ubeti wa pili tulimsimamisha na kumsahihisha ubaoni. Alikaa. Muhula ule wote hakusema tena Kiswahili darasani isipokuwa alipoulizwa, na gitaa hatukuliona tena. Tulidhani tumeitetea lugha. Kumbe tulimnyang'anya mtu mmoja Kiswahili pekee alichokuwa nacho kabla hatujampa kingine.

Hatusemi kwamba usanifu hauna maana. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini; wanafunzi wetu watafanya mitihani na kuandika barua za kazi kwa Kiswahili sanifu, nasi tuna wajibu wa kuwaandaa. Swali ni la mpangilio: kipi kitangulie? Mwalimu wa gitaa wa Katanga hakuanza na kanuni. Alianza na wimbo mzima, hata ukipigwa vibaya, kisha akanyoosha kidole kimoja baada ya kingine.

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu mdogo. Mwanafunzi anayeanza huimba au husimulia hadi mwisho bila kukatizwa. Kisha darasa zima linajadili: Lubumbashi wanasemaje, Goma wanasemaje, mtihani unataka nini? Usanifu unafundishwa vilevile, lakini hakuna anayenyamazishwa. Tungependa kusikia kutoka kwa walimu wenzetu wanaofanya vinginevyo. Na kama yule mwanafunzi anasoma ukurasa huu, ajue kwamba bado tunaungoja ubeti wa pili.