Kucha Zinabanduka Mkoani: Si Hina, Si Hasadi, Ni Dawa na Jua

Wadau, hebu vuta picha. Dada wa Mkoani, msimu wa karafuu, anashinda juani akianika kwenye majamvi. Chunusi zimemchosha, kaenda duka la dawa, kapewa kapsuli za doksisaiklini. Wiki chache mbele kucha zinauma, zinageuka kahawia, kisha zinaanza kubanduka kuanzia nchani. Mtaani maneno yashaanza: hina mbovu, jini, mtu kamwonea kijicho.

Kisa chenyewe kimeanzia mbali. Mwaka 1948 mtaalamu wa mimea wa Marekani, Benjamin Duggar, alitangaza dawa iliyotokana na vijidudu vya udongoni. Huyo ndiye babu wa ukoo wa tetrasaiklini. Doksisaiklini, mjukuu wake, ikaingia sokoni 1967. Watu walivyozidi kuzimeza, madaktari wakaona kitu cha ajabu: wagonjwa waliokaa juani waliungua ngozi haraka, na wengine kucha ziliachana na nyama.

Inakuwaje? Dawa ikishaenea mwilini hunasa mionzi ya jua, na nguvu hiyo inajeruhi nyama ya chini ya kucha. Kucha yenyewe jua inalipitisha tu. Ushahidi mtamu ni huu: kidole gumba mara nyingi kinasalimika, maana kimejificha jua lisikifikie. Sasa hasadi gani hiyo inayoruka kidole gumba?

Lakini msiitukane dawa. Kijijini Kimang'a, Pangani, ng'ambo tu ya bahari kutoka Pemba, wanaume 72 walishiriki utafiti ambao matokeo yake yalitoka 2005. Waliomeza doksisaiklini kwa wiki nane, minyoo ya matende iliwafia kwa wingi mwilini. Majina yao hatuyajui, ila dunia nzima imejifunza kwao.

Kwa hiyo ukiwa kwenye dozi, iwe unaanika karafuu, unalima mwani au unasubiri boti bandarini, vaa glavu au paka rangi nzito ya kucha. Zikianza kubanduka, usikatishe dozi kimyakimya wala usikimbilie kwa mganga. Rudi kwa daktari, ataamua kama akubadilishie. Kucha zitaota upya, ila zitachukua miezi.

Na zile kapsuli za chunusi mnazonunua bila cheti, nani aliwahi kuwaambia habari ya jua? Semeni ukweli hapo chini.