Pima ringi kabla ya kununua tyubu ya baiskeli ya mashindano

MWENDESHAJI wa baiskeli ya mashindano anayetoka mjini Kericho kuelekea Kisumu hufika Kapsoit akiwa tayari ameuonja mteremko. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ilhali Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, uko takriban mita 1,130. Kwenda ni kuteremka, kurudi ni kupanda. Pancha ikimpata njiani, hasa alasiri wakati mvua na mawe ya barafu huteremka juu ya mashamba ya majani chai, tegemeo lake ni tyubu moja aliyoibeba mfukoni. Iwapo vali ya tyubu hiyo ni fupi kuliko ringi, haitamfaa kitu hata ikiwa mpya na ya bei ghali.

Mwenye baiskeli ya kawaida ya kubebea mizigo, ile maarufu kama Black Mamba, hana haja ya kujisumbua kwa jambo hili. Ringi yake ni nyembamba na vali hutokeza vya kutosha kila mara. Taabu huanza kwenye magurudumu ya kisasa ambayo ringi yake imerefushwa kuelekea katikati ya gurudumu ili kupasua upepo kwa urahisi. Ringi hizo huweza kuwa na kina cha milimita 35, 50, 60 au hata zaidi ya 80. Zilionekana kwa wingi jijini Kigali mnamo Septemba 2025, Rwanda ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Anayeyanunua magurudumu kama hayo yakiwa mitumba aghalabu hapewi kijitabu cha maelezo, na hapo ndipo makosa huzaliwa.

Jambo la kwanza ni kutambua aina ya vali. Baiskeli nyingi za mashindano hutumia vali nyembamba ya Kifaransa, iitwayo Presta, yenye unene wa milimita 6 na kijinati kidogo kileleni ambacho ni lazima kilegezwe kabla ya kujaza upepo. Vali nene, kama ile ya gari na pikipiki, huitwa Schrader na ina unene wa milimita 8. Vali ya Black Mamba nayo ni ya aina ya tatu, lakini shina lake pia ni nene. Kwenye sanduku la tyubu, herufi FV au PV humaanisha vali ya Kifaransa, nazo AV humaanisha ile ya gari. Karibu nazo huandikwa urefu wa vali kwa milimita: 42, 48, 60 au 80.

Maduka ya vipuri vijijini huuza zaidi tyubu za baiskeli za mizigo na za pikipiki. Kwa hivyo, mtu aliyekwama hushawishika kumwachia fundi atoboe upya tundu la ringi ili vali nene ipite. Hilo ni kosa kubwa. Tundu la vali ni sehemu dhaifu ya ringi hata kabla ya kuguswa, na ringi ya kaboni ikikatwa nyuzi zake kwa keekee huweza kupata ufa usioonekana kwa macho. Ufa kama huo ukifunguka katika mteremko, kasi ikiwa kilomita 60 kwa saa, anayeumia si fundi. Heri kusukuma baiskeli kwa miguu hadi kituo cha matatu.

Pili ni kupima. Wengi husoma kina cha ringi kilichotangazwa na muuzaji, kisha hununua vali inayolingana nacho. Njia hiyo hupotosha. Kina hicho hupimwa kutoka ukingo wa nje wa ringi, ilhali tyubu hulala ndani ya mfereji ulio chini kidogo ya ukingo huo. Umbali unaotakiwa ni ule ambao vali husafiri kutoka kwenye mfereji hadi inapochomoza upande wa spoki.

Hakuna haja ya chombo maalumu. Tairi na tyubu zikishatolewa, kijiti chembamba au spoki kuukuu hupitishwa katika tundu la vali. Alama moja hutiwa pale kijiti kinapokutana na sakafu ya mfereji, na nyingine pale kinapotoka upande wa ndani. Nafasi kati ya alama hizo hupimwa kwa rula ya mwanafunzi. Kwa hesabu hiyo huongezwa milimita 15 kwa uchache, maana kichwa cha pampu kinahitaji kitu cha kukamata na ncha ya vali yenyewe haikamatiki. Milimita 20 ni bora zaidi, hasa kwa mwenye pampu ndogo ya mkononi, ambayo huteleza kwa urahisi.

Tuseme ringi imetangazwa kuwa na kina cha milimita 50, na kijiti kikaonyesha 44. Vali ya 48 itachungulia milimita 4 tu, wala haitajazika. Ya 60 itatokeza milimita 16, nayo itatosha, ingawa kwa shida kidogo. Ya 80 itatokeza 36 na haitakuwa na tatizo lolote isipokuwa sura mbaya na uzito wa gramu chache. Kwa ringi ya 30 au chini yake, vali ya 48 kwa kawaida hutosha.

Wapo wanaoikejeli vali ndefu kuwa ni ushamba. Ni kweli kwamba vali iliyotokeza mno huweza kugongagonga ringi na kupiga kelele, lakini kipande kidogo cha utepe wa plastiki kikizungushwa kwenye shina hunyamazisha kelele hizo. Vali fupi haina dawa rahisi namna hiyo. Mwenye baiskeli moja na magurudumu ya aina mbili afadhali anunue tyubu zinazolingana na ringi yenye kina kirefu zaidi, kwani zitaingia kote.

Dawa iliyopo kwa vali fupi ni kirefusho, yaani kijibomba cha kuongezea urefu, ambacho huuzwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza huhitaji vali ambayo kiini chake hung'oka. Kiini hicho hutambulika kwa pande mbili bapa zilizochongwa karibu na ncha. Hufunguliwa kwa spana ndogo, kirefusho hukazwa mahali pake, kisha kiini hurudishwa juu ya kirefusho. Utepe mweupe wanaotumia mafundi wa mabomba, ukizungushwa mara moja au mbili kwenye nyuzi, huzuia upepo kuvuja. Namna ya pili huvishwa tu juu ya vali nzima, na kile kijinati hubaki wazi daima. Hii si ya kutegemewa sana: mtikisiko wa barabara huweza kukifunga kijinati ndani, na upepo ukavuja kwenye maungio. Vyovyote iwavyo, kirefusho kinapaswa kufungwa nyumbani kwenye tyubu ya akiba, si kando ya barabara mvua ikinyesha na vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Vali inapotokeza kidogo tu, kuna hila moja ambayo huokoa safari. Kabla ya kuvisha pampu, tairi hubonyezwa kwa kidole gumba pale juu ya vali, na shina husukumika nje milimita kadhaa. Mara nyingi hizo ndizo zinazokosekana. Bila hivyo, pampu huirudisha vali ndani kila inapovishwa, na mpira huchanika kwenye shina, mahali ambapo kiraka hakishiki.

Magurudumu yasiyotumia tyubu hayamwondolei mtu wajibu huu. Tairi lake likipasuka kiasi cha kushindwa kuzibwa na utomvu uliomo ndani, vali iliyofungwa kwenye ringi hufunguliwa kwanza, kisha tyubu ya akiba huwekwa mahali pake, na tyubu hiyo nayo hupita katika tundu lile lile lenye kina kile kile. Aghalabu nati ya vali hiyo huwa imekazwa mno au imegandishwa na utomvu, hivyo koleo ndogo hufaa kubebwa pamoja na tyubu.