Kiswahili cha nyumbani na usemi wa mtoto mjini Brussels

Kituo kikuu cha treni za kimataifa mjini Brussels kina majina mawili kwenye vibao vyake: Bruxelles-Midi kwa Kifaransa na Brussel-Zuid kwa Kiholanzi. Mgeni anaweza kudhani kuwa ni vituo viwili tofauti. Wazungumzaji wa Kifaransa hukiita Gare du Midi, yaani Kituo cha Kusini, ingawa neno hilo midi lina maana pia ya saa sita mchana. Matangazo hutolewa kwa lugha zote mbili, na kwa treni ziendazo nje ya nchi Kiingereza huongezwa. Mtoto wa familia iliyotoka Bukavu, Bujumbura au Mombasa anayesubiri treni hapo na mama yake huwa amekwisha kusikia lugha tatu kabla mama hajafungua kinywa. Suala linalowakabili wazazi kama hao ni lugha ipi mama atumie anapokifungua.

Baadhi yao huchagua Kifaransa, hata kama ni cha kubabaisha, kwa hofu kwamba Kiswahili kitamchelewesha mtoto shuleni. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi. Mjini Brussels kuna shule za Kifaransa na shule za Kiholanzi, na mzazi ndiye achaguaye. Mtoto hupokewa katika shule ya awali akiwa na umri wa miaka miwili na nusu, na tangu Septemba 2020 elimu nchini Ubelgiji ni ya lazima kuanzia miaka 5. Kwa hiyo lugha ya shule itamfikia mtoto mapema, atake asitake. Kiswahili hakina mlango mwingine ila wa nyumbani. Hata katika Matonge, mtaa wa Waafrika katika manispaa ya Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, lugha ya Kiafrika inayosikika zaidi ni Kilingala.

Ushahidi wa jambo hilo umetoka Ubelgiji kwenyewe. Mwaka 2007 mtaalamu wa isimu Annick De Houwer alichapisha matokeo ya uchunguzi wa karibu familia 1,900 za eneo la Flanders, ambamo angalau mzazi mmoja alizungumza lugha nyingine isiyo Kiholanzi. Watoto wa familia hizo walizungumza Kiholanzi. Lakini katika takriban robo ya familia hizo, watoto hawakuizungumza ile lugha nyingine. Pale ambapo wazazi wote wawili waliitumia lugha yao nyumbani, na angalau mmoja wao hakuichanganya na Kiholanzi, karibu watoto wote waliijua. Pale ambapo wazazi wote walitumia Kiholanzi na mmoja tu akaongeza lugha ya asili, waliofanikiwa walikuwa chini ya nusu. Lugha iliyo hatarini, kwa maneno mengine, si ile ya shule.

Hata hivyo, kuchagua lugha hakutoshi. Usemi wa mtoto hujengwa kwa mazungumzo ya kupokezana. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2018 na Rachel Romeo na wenzake, kuhusu watoto wa miaka 4 hadi 6, ulionyesha kuwa idadi ya mara ambazo mtoto na mtu mzima hupokezana maneno ilihusiana na jinsi ubongo wa mtoto ushughulikiavyo lugha, bila kujali kipato cha wazazi wala wingi wa maneno aliyoyasikia. Redio inayonguruma siku nzima jikoni haichukui nafasi ya mama anayeuliza na kungoja jibu.

Nusu saa ya kusubiri treni yatosha kuwa mfano. Mtoto anaonyesha kidole na kusema, "Treni!" Mzazi anaweza kuitikia tu, au akaliongeza neno: "Ndiyo, treni nyekundu inaondoka. Inakwenda wapi?" Kisha anyamaze na kumpa mtoto muda wa kujibu. Mtoto akisema "mabegi hizi", hakuna haja ya kumkemea. Anaitikiwa, "Ndiyo, mabegi haya ni mazito," na sikio lake litafanya kazi iliyobaki. Ngeli huchukua muda. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wa Nairobi katika kitabu chake cha mwaka 2005, alieleza jinsi wanavyoanza kwa kuacha viambishi vya nafsi na vya wakati. Tena, familia ya Lubumbashi na ya Unguja hazina upatanisho mmoja wa maneno, na tofauti hiyo si kasoro ya usemi.

Ubao wa treni nao ni somo. Unapoonyesha 14:00, mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili cha Tanzania au Kenya hujifunza kwamba ni saa nane mchana, na kwamba saa huhesabiwa kwa namna mbili. Ndani ya treni kuna vitendawili, ambavyo havihitaji kitabu wala umeme: mmoja hutega, mwingine hutegua. Kuhusu simu ya mkononi, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mwaka 2019 kuwa watoto wa umri wa mwaka mmoja wasitazamishwe skrini, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku.

Kuna wakati ambapo mazungumzo ya nyumbani hayatoshi. Mtoto asiyetoa sauti za kubwabwaja afikiapo mwaka mmoja, au asiyeunganisha maneno mawili afikiapo miaka miwili, apelekwe kwa daktari, na masikio yapimwe kwanza. Kuchanganya lugha katika sentensi moja si dalili ya ugonjwa, na lugha mbili hazisababishi ulemavu wa usemi. Mtaalamu wa usemi, ambaye Brussels huitwa logopède kwa Kifaransa na logopedist kwa Kiholanzi, anapaswa kuhesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mzazi hufanya vyema kwenda na orodha aliyoiandika nyumbani, maana mtaalamu asiyejua Kiswahili hawezi kutambua kwamba mtoto anayesema "mai" anaomba maji.