Moyo wa Mjamzito Usomwe kwa Wiki Zake

Majibu ya eko ya moyo, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, yasiyotaja umri wa mimba ni majibu nusu. Hoja hii inaihusu wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, moja kwa moja, kwani vipimo vya moyo vinazidi kusogea mikoani, pamoja na kambi za madaktari bingwa wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na wajawazito watakuwa miongoni mwa watakaolala kwenye vitanda vya vipimo hivyo.

Mimba inapotunga, mishipa ya damu hulegea mapema, kabla tumbo halijaonekana. Maji ya damu huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, chembe nyekundu kwa kiasi kidogo zaidi, na damu isukumwayo na moyo kwa dakika hupanda kwa asilimia 30 hadi 50. Ndiyo maana eko ya mama mzima wa afya huonyesha vyumba vya moyo vilivyotanuka kidogo na ukuta wa ventrikali ya kushoto ulionenepa kiasi, huku nguvu ya kusukuma ikibaki karibu ileile. Akilazwa chali miezi ya mwisho, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na vipimo hushuka. Alazwe ubavu wa kushoto.

Baadhi ya tafiti zinazoubeba ujuzi huu zilihusu watu wachache mno. Mwaka 1989 Robson na wenzake, huko Newcastle, Uingereza, waliwapima wanawake 13 tangu kabla ya mimba, wakaona ongezeko la damu isukumwayo likianza kufikia wiki ya 5. Mwaka 1993 Campos na wenzake nchini Brazili walifuatilia wajawazito 18: karibu wote walipofikia kujifungua walikuwa na uvujaji mdogo kwenye valvu za upande wa kulia, lakini valvu ya aorta haikuvuja kwa yeyote. Tofauti hiyo ndiyo ya kushika. Uvujaji mdogo upande wa kulia usimpe mama jina la mgonjwa. Wa aorta hauna kisingizio cha mimba.

Kosa la kumwita mzima mgonjwa linaumiza, lakini la pili, la kumwita mgonjwa mzima, linaua. Kuchoka, kuhema na kuvimba miguu ni mambo ya ujauzito wa kawaida, na ndizo dalili hizohizo za moyo ulioshindwa. Kovu la homa ya rumatiki kwenye valvu ya mitrali laweza kukaa kimya miaka mingi, kisha likajitokeza damu inapoongezeka. Upo pia ugonjwa wa misuli ya moyo wa mwisho wa mimba na miezi ya baada ya kujifungua, ambapo sehemu ya damu ya ventrikali ya kushoto inayosukumwa kila pigo hushuka chini ya asilimia 45. Mama wa namna hii akiambiwa "ni mimba tu", tumempoteza kwa neno.

Ludewa ina sababu ya kujitengenezea viwango vyake. Lupingu na Manda ziko ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Milima ya Livingstone hupita meta 2,000. Malaria husumbua zaidi mwambao, na upungufu wa damu unaoletwa nayo huuharakisha moyo hata bila mimba. Mkoa wa Njombe ulikuwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU katika utafiti wa 2022–2023, na virusi hivyo vyaweza kuugusa msuli wa moyo. Namba za Newcastle hazikuzingatia lolote kati ya hayo.

Utafiti wa kutengeneza viwango hivyo hauhitaji jengo jipya. Unahitaji wanawake wazima wa afya, wa ufukweni na wa mlimani, wapimwe mara kadhaa katika mahudhurio yaleyale ya kliniki, kila mmoja alinganishwe na yeye mwenyewe. Wakati tukiungoja, ninawaomba wanaojaza fomu za eko Lugarawa, Milo na hospitali ya wilaya waandike mambo matatu kila mara: wiki za mimba, kiwango cha damu, na ubavu aliolalia mama.